Kitambaa cha Unga Ndani ya Tanki

Asubuhi za kliniki zilikuwa na utaratibu wake, na Kisilu hakupenda uvurugwe. Aliamka kabla ya jirani yeyote kufungua mfereji, akafuta umande kwenye vioo vya Peugeot kwa gazeti kuukuu, akaweka mto wa kitenge kwenye kiti cha mbele, halafu akawasha injini na kuiacha ipate joto. Ndani ya nyumba, mkewe Janice alikuwa akimvisha mama sweta na kumfunga kitambaa cha kichwa. Mama Syombua alitoka polepole, mkono mmoja ukutani, miguu imevimba ndani ya soksi za sufu. Akishaketi, aligonga dashibodi mara mbili kwa vidole, vile marehemu mumewe alivyokuwa akifanya kila safari, kisha akasema, "Haya." Gari halikuondoka kabla ya neno hilo.

Hata Jumanne hiyo aligonga, akasema "Haya," na wakatoka Makongeni kuelekea mjini Thika, kwenye mashine ya kusafisha damu. Walipofika kwenye mwinuko ulio karibu na Kiandutu, gari likakohoa. Kisilu akakanyaga mafuta. Likajikokota kidogo, likakohoa tena, kisha likanyamaza kabisa na kuanza kurudi nyuma, mpaka alipovuta breki ya mkono.

Upande wa mama palikuwa na kibanda cha makaa na mgrevilea uliokatwa matawi ya chini. Mama aliutazama mti huo kwa muda.

"Ni hapa," akasema.

Kisilu alijua kuwa ni hapo. Alikuwa akipita mahali hapo kila siku ya kliniki, macho yake yakiwa mbele.

Vijana waliokuwa wakitembea kwenda kutafuta vibarua waliacha njia yao wakaja kusukuma. Mmoja alimuuliza Kisilu kama hilo ni gari ama ni kumbukumbu ya taifa. Mwenzake akamwambia awe na heshima, huenda ndilo lililompeleka babu yake kuoa. Wakasukuma huku wakicheka, gari likawaka, likapanda mita chache na kuzima tena. Kila lilipopumzika liliwaka, na kila lilipotakiwa kutumia nguvu lilizima. Mwishowe Kisilu akawashukuru vijana, akatoa simu ili aite teksi. Mama akaweka kiganja chake juu ya simu.

"Nirudishe nyumbani."

Kisilu akamweleza kwamba nafasi yake kwenye mashine isingemngoja, kwamba miguu ilikuwa imejaa maji, kwamba daktari alikuwa amesema siku isirukwe. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Baba yako alizimikiwa na gari hapa, akiwa na mtoto mmoja," akasema. "Mimi mnanipitisha mkono kwa mkono kama debe la maji, na nyinyi hamsemezani. Nikirudi kwa ile mashine, nitarudi na nyinyi wawili, ndani ya hii gari. Kama hamuwezi, nipelekeni Ngoliba nikakae kwangu."

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeagiza chumvi. Kisilu alimfahamu mama yake, na alijua kwamba kule Ngoliba, bila mashine, asingemaliza mwezi.

*

Gari hilo, Peugeot 504, lilikuwa jeupe wakati baba yao alipolinunua, enzi za usimamizi wake katika mashamba ya mananasi. Sasa rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyokaa siku nyingi. Baba yao alilitumia kuwapeleka wanawe shule, kubeba mahindi, kupeleka kwaya ya kanisa kwenye mashindano. Na ndilo alilolazwa ndani yake, kwenye kiti cha nyuma, siku kifua kilipombana kule Ngoliba. Nzioki, mwanawe mdogo, ndiye aliyekuwa nyumbani siku hiyo. Alimbeba baba yake, akaendesha kwa kasi kwenda hospitali, na gari likamzimikia kwenye mwinuko ule. Kisilu alikuwa amesimama kwenye lango la hospitali na machela, akingoja. Alingoja mpaka simu ikalia.

Fundi aliyelifungua gari baadaye alisema kichujio cha ndani ya tanki, kile kidogo cha wavu kinachokaa kwenye ncha ya bomba la kunyonyea mafuta, kilikuwa kimeoza, na kutu ya tanki ikapita ikaziba. Daktari naye alisema moyo wa mzee haukuwa wa kungoja gari wala mtu. Lakini maneno ya daktari yalichelewa. Siku ya mazishi, ndugu na majirani wakiwa wamezunguka kaburi, Kisilu alikuwa amemkaribia mdogo wake akiwa na jambo la kumwambia. Alikuwa amelishika mdomoni tangu asubuhi. Alipoufungua mdomo, likatoka lingine.

"Ungelitunza gari," alisema, "tungekuwa naye."

Watu walisikia. Nzioki alichukua koleo, akaendelea kufukia kaburi.

Tangu siku hiyo, miaka miwili, ndugu hao walizungumza maneno mawili tu. Mama alipoanza kuugua figo aliamua kukaa mwezi kwa mmoja na mwezi kwa mwingine, na gari limfuate. Jumapili ya kubadilishana, Nzioki aliwasili Makongeni kutoka Mwihoko, kule Ruiru, akamshusha mama, akaweka ufunguo juu ya stuli na kusema, "Mafuta yamo." Alikunywa chai akiwa amesimama, akaaga na kuondoka. Mwezi uliofuata, Kisilu alifika Mwihoko, akaweka ufunguo juu ya friji iliyokuwa ikitengenezwa, akasema, "Mafuta yamo." Kila Jumapili ya namna hiyo, njia nzima, alikuwa amejiandaa kusema zaidi. Yaliyobaki, ya dawa na chakula na tarehe za kliniki, yalipitia kwa Janice, ambaye aliwahi kumwambia mumewe kwamba angekuwa posta angekuwa ameshastaafu na pensheni.

*

Kwa kuwa njia ya kurudi ilikuwa ya mteremko, gari liliwafikisha Makongeni. Janice ndiye aliyempigia muuguzi simu na kusihi, mpaka mama akapewa nafasi ya kesho yake alasiri. Muuguzi akasema isipite hapo. Kisha Janice akampigia Nzioki.

Nzioki alifika kabla ya saa sita, mfuko wa vifaa begani. Alikuwa mwembamba kuliko mara ya mwisho Kisilu alipomtazama vizuri. Alimwambia Janice, "Niaje, shem," akamshika mama mkono kwa mikono yote miwili na kumwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, unaskiaje?" Mama akamjibu kwamba yeye na hilo gari wanaumwa ugonjwa mmoja, chujio limekufa. Majirani waliokuwa wakianua nguo walicheka. Nzioki alitabasamu, kisha akamgeukia kaka yake na tabasamu likaisha.

"Habari."

"Nzuri."

Kazi ikaanza kwa namna ya ajabu, kwa sababu kila mmoja alikimbilia nyuma ya gari. Kisilu alisema yeye atafungua tanki, Nzioki akaangalie pampu huko mbele. Nzioki alisema pampu haina neno, yeye ataingia chini, Kisilu akamtafutie kopo la kumwagia petroli. Kila mmoja alisema hivyo kwa upole usio wa kawaida. Mama, aliyekuwa ameketi mlangoni kwenye kivuli, aliwatazama kama anavyowatazama watoto walioficha kitu nyuma ya mgongo.

Nzioki alimwomba jirani asogeze jiko la makaa hadi upande wa pili wa ua wa ploti, halafu akajitumbukiza chini ya gari. Kisilu akainua zulia la buti, akafungua kifuniko cha mviringo, na kwa haraka akaanza kulegeza skrubu za geji ya mafuta. Alitaka kuitoa ncha ya bomba, afungue kilichofungwa pale na kukitia mfukoni kabla mdogo wake hajaibuka. Lakini uzi wa magunia, ukilowa petroli, hukaza. Alikuwa bado akihangaika nao alipoona miguu ya Nzioki imesimama kando yake.

"Hii nini?" Nzioki akauliza.

Kwenye ncha ya bomba, juu ya mabaki ya wavu wa zamani, palikuwa na kitambaa cheupe cha nailoni kilichokunjwa mara kadhaa na kufungwa kama kidole kilichojeruhiwa. Kilikuwa kimejaa tope la kahawia.

Kisilu alikuwa msimamizi wa chekeche katika kinu kimoja cha unga, eneo la viwanda. Vitambaa hivyo vilikuwa kazi yake: kipi kinapitisha chenga za kuku, kipi unga wa kawaida, kipi unga laini kabisa.

"Ni cha unga wa gredi one," akasema, bila kuinua macho.

"Hapa hata pumzi haipiti."

"Pumzi inapita. Vumbi ndiyo haipiti."

"Basi petroli nayo ikaamua kubaki nyumbani."

Kisilu akashuka ili afuate mpira wa mafuta unakoanzia, na chini ya gari, juu ya ekseli, akaona mahali ulipokuwa umekatwa. Ncha zake mbili zilining'inia, klipu mpya zikiwa bado zinang'aa, na kati yake palikuwa na nafasi ya ukubwa wa kiganja. Akatoka huko chini akijifuta mikono.

"Na hapa kulikuwa na nini?"

Nzioki alitazama mfuko wake wa vifaa. Polepole akaufungua na kutoa kitu cha shaba, kinene katikati na chembamba kwenye ncha, kama samaki mdogo. Nzioki alikuwa fundi wa friji, na kila aliyewahi kusimama kwenye kibanda chake pale Mwihoko alikijua kifaa hicho. Ndani yake mna punje zinazonyonya unyevu ili gesi ipite ikiwa kavu.

"Ni draya," akasema. "Ya friji ya bucha. Ile kubwa."

"Kwa gari."

"Inanyonya maji."

"Gari si friji, Nzioki."

"Na tanki si gunia la unga."

Kutoka mlangoni mama alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha pua, lakini hawakuwa wamekisikia kwa siku nyingi, na wote wawili waligeuka. Walipogeukiana tena, hakuna aliyekuwa akicheka. Kitambaa kilikuwa mkononi mwa mmoja na draya mkononi mwa mwingine, na kila mmoja alikuwa akipiga hesabu yake.

Haikuwa hesabu ngumu. Nzioki aliona matone ya maji kwenye kichujio cha plastiki huko mbele, akakumbuka mwinuko ule, akaweka draya bila kumwambia mtu. Punje za draya zikaanza kuvunjika na kubana njia. Gari likafika kwa Kisilu likiwa linavuta kwa shida. Kisilu akafikiria kutu, akakumbuka mwinuko uleule, na Jumamosi moja, Janice akiwa sokoni, akafungua tanki na kulifunga bomba lake kitambaa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo kinuni. Kama mmoja angesema neno moja zaidi ya "mafuta yamo," mwingine angemwambia aache. Hawakusema, na mama akakwama mahali palepale.

"Ulikuwa unaogopa," Nzioki akasema. Hakuwa akiuliza.

"We pia."

Ilikuwa nafasi nzuri. Kisilu aliiona, kama mtu anavyoona mlango ulioachwa wazi. Jambo lake la tangu kaburini likapanda hadi kooni. Akalimeza.

"Nipe hilo kopo," akasema.

*

Mchana kutwa walifanya kazi. Waliteremsha tanki, wakamwaga petroli yote kwenye mtungi, wakatia ndani ya tanki kokoto safi, maji na sabuni, wakalitikisa huku na huku, kila mmoja ameshika upande wake, mpaka maji yaliyotoka yakaacha kuwa na rangi ya chai. Wakalianika juani, mdomo chini.

Wavu wenyewe ulikuwa shida. Vichujio vya aina ile havikuuzwa tena. Nzioki aliwapigia watu wa vipuri wa Ruiru na Kisilu akawapigia wa Thika, na wote walisema vivyo hivyo, gari zima libadilishwe. Kisilu akatoweka kwa baiskeli, akarudi kutoka kinuni na kipande cha wavu wa shaba, masalio ya chekeche ya chenga. Tundu zake zilionekana kwa macho. Nzioki alikiinua kwenye mwanga, akasema tundu ni kubwa mno, kutu itapita. Kisilu akamwambia kutu nyembamba ipite, ikamatwe na kichujio cha plastiki huko mbele ambako mtu anaiona na kuitoa. Kazi ya kichujio cha ndani ni kuzuia magamba tu. Ukikipa kazi yote, kitakufa nayo. Nzioki alifikiri, akakubali kwa kichwa.

Walikata kipande, wakakizungusha kwenye kalamu kupata umbo la kidole, na Nzioki akakichomelea kwa lehemu kando ya lango, mbali na harufu yote ya petroli. Kisilu alishika bomba kwa koleo. Walikuwa wameinama vichwa vikikaribiana, moshi wa lehemu ukipanda katikati yao, na Kisilu aliona mvi chache kwenye nywele za mdogo wake, juu ya sikio. Hakujua zilianza lini.

"Shika hivyohivyo," Nzioki alisema.

Akashika hivyohivyo.

Lehemu ilipopoa, Nzioki aliweka kiganja chake mbele ya wavu, na Kisilu akaweka midomo kwenye upande mwingine wa bomba akapuliza.

"Inapita?"

"Inapita," Nzioki akasema. "Nimeiskia."

Jua lilikuwa limeshuka walipomaliza kurudisha tanki na kuunga mpira uliokatwa. Hawakuweka draya, hawakuweka kitambaa. Gari likawaka, likanguruma ploti nzima isikie. Nzioki alilala hapo kwenye kochi, na usiku huo Janice hakuwa na ujumbe wa kupeleka kwa mtu yeyote.

*

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, Kisilu alifuta vioo na kuweka mto wa kitenge kwenye kiti cha mbele. Mama alikuwa amechoka. Uso wake ulivimba chini ya macho, na alipumua kwa mdomo. Walimshika kila mmoja upande wake hadi akaketi.

Kisilu alikuwa na ufunguo mkononi. Alifungua mlango wa dereva, akasimama, kisha akamnyooshea mdogo wake ufunguo huo.

Nzioki hakuuchukua mara moja. Njia yake ya kliniki, miezi yake, ilikuwa ile kuu ya kutoka Ruiru. Barabara hii, kwa upande huu wa kupanda kutoka Ngoliba, alikuwa hajaiendesha tangu siku ile. Alitazama ufunguo, akamtazama kaka yake.

"Mafuta yamo," Kisilu akasema.

Nzioki akauchukua. Kisilu akafungua mlango wa nyuma na kuketi kwenye kile kiti ambacho yeye, kwa miaka miwili, alikuwa akikitumia kuwekea mizigo tu. Kilikuwa kipana, ngozi yake imepasuka karibu na dirisha. Akaweka kiganja chake juu yake.

Mama akagonga dashibodi mara mbili. "Haya."

Barabara ilikuwa na malori. Nzioki aliendesha polepole, mgongo umenyooka, bila kuegemea kiti. Mwinuko ulipoonekana, Kisilu aliona mabega yake yakipanda na vidole vyake vikikaza usukani. Akabadilisha gia. Mama naye akaacha kutazama mbele, akageuza uso kwenye dirisha lake.

Injini ilibadilisha sauti. Ikawa nzito, ikavuta. Kibanda cha makaa kikaja, mgrevilea ukaja, ukapita kwenye dirisha la mama, ukapita kwenye dirisha la Kisilu, ukabaki nyuma. Gari liliendelea kupanda, bila kikohozi, kama mtu mzima anayepanda ngazi za nyumba yake. Lilipofika juu, barabara ikalala sawa, na paa za mji zikaonekana.

Kwenye kioo kidogo cha katikati Kisilu aliona macho ya mdogo wake, mekundu, yakitazama barabara kwa bidii isiyohitajika. Zamu hii jambo lake halikungoja alimeze.

"Nzioki."

"Mm."

"Simama kidogo hapo kando."

Nzioki akawasha taa ya kuashiria, akasogeza gari hadi kwenye vumbi la kando, akasimama. Injini iliendelea kunguruma taratibu. Mama hakugeuka, lakini mkono wake ulikuwa umesimama hewani karibu na dashibodi.

"Siku ile pale kaburini," Kisilu akasema, na sauti yake ikawa ndogo, ya mtoto. "Sikuwa nataka kukulaumu. Wewe ulikuwa na baba, na mimi nilikuwa nimesimama kwa gate na machela. Nilikuwa nakuja kukuuliza kama aliogopa. Nilitaka uniambie alisema nini."